Usiulize ni mashine gani: kuandaa programu ya C kwa vichakataji tofauti

Programu nyingi za C zinazosifiwa kwamba zinafanya kazi popote hazijawahi kutoka nje ya kompyuta za familia ya Intel, na sifa hiyo hudumu mpaka siku mtu anapojaribu kuzikompaili, yaani kuzitafsiri kwa lugha ya mashine, kwa ajili ya ruta, kibao cha Arduino au seva kubwa ya IBM. Kazi yangu ni kuhamisha programu za namna hiyo, na msimamo niliofikia ni huu: msimbo usiulize uko kwenye mashine gani, bali uulize mashine hiyo ina sifa gani, na hata swali hilo liulizwe pale tu lisipoweza kuepukika.

Mara nyingi mimi hukuta faili lililojaa `#ifdef`, yaani amri za kukompaili sehemu fulani kwa masharti, zinazotaja vichakataji kwa majina, x86 hapa, ARM pale, MIPS kule chini. Orodha ya aina hiyo huchakaa haraka. RISC-V, familia mpya ya vichakataji, ilipokuja, msimbo ulioandikwa hivyo uliangukia kwenye `#error`, amri inayosimamisha ukompaili, ingawa kwa mambo ambayo msimbo huo ulihitaji kuyajua, kichakataji chenyewe hakikuwa na lolote geni.

Tuanze na ukubwa wa namba. Kiwango rasmi cha C hakisemi kwamba `int`, aina ya kawaida ya namba kamili, ina biti 32. Kinasema iwe na angalau 16, `long` angalau 32, na tangu toleo la 1999, `long long` angalau 64. Kwenye Linux ya biti 64 `long` ina biti 64, lakini kwenye Windows ya biti 64, juu ya kichakataji kilekile, ina 32. Kwenye AVR, kichakataji kidogo kilichomo ndani ya Arduino Uno R3, `int` ina biti 16 tu. Sasa utazame mstari huu usio na hatia yoyote machoni:

`unsigned long muda = 60 * 1000;`

Kwenye kompyuta ya mezani, hizo ni milisekunde 60,000, yaani dakika moja. Kwenye AVR, 60 na 1000 zote ni `int`, kwa hiyo zinazidishwa ndani ya biti 16 ambazo ukomo wake ni 32,767. Jibu linafurika, kwa kawaida linageuka kuwa -5,536, na likishatiwa ndani ya `unsigned long`, isiyo na hasi, linakuwa 4,294,961,760. Kifaa kilichotakiwa kusubiri dakika moja kitasubiri takriban siku 50, na kompaila inaweza kutoa onyo ambalo hakuna anayelisoma. Dawa ni kuandika `60UL * 1000`, na pale ukubwa unapokuwa na maana, kutumia aina za `stdint.h` kama `uint32_t`, ambayo daima ina biti 32. Hapo hakuna cha kusanidi: tofauti ya mashine ipo, lakini msimbo haujali tena.

Jambo la pili huwashangaza hata wazoefu. Kiwango kinaruhusu `char`, aina ya namba ndogo inayobeba herufi moja, iwe na alama ya hasi au isiwe nayo. Linux ya x86 imechagua iwe nayo, Linux ya ARM imechagua isiwe nayo. Anayeandika `char c; while ((c = getchar()) != EOF)`, yaani kusoma herufi moja moja hadi `EOF`, alama ya mwisho wa data ambayo kwa kawaida ni -1, ataona kitanzi kikiisha vizuri kwenye kompyuta yake, lakini kwenye Raspberry Pi kitazunguka bila kikomo, kwa sababu -1 ikishawekwa ndani ya `char` isiyo na hasi inakuwa 255, na 255 haiwezi kulingana na `EOF`. Kompaila ya GCC ina chaguo la `-fsigned-char` linalonyamazisha tatizo hili. Mimi silipendi, kwa sababu linaficha ugonjwa ndani ya Makefile, faili la maelekezo ya ukompaili. `getchar` inarudisha `int`, basi ipokewe na `int`.

Mpangilio wa baiti za namba kwenye kumbukumbu ndio unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini majina hayasaidii. Ruta zenye chipu za MIPS za Atheros huweka baiti kubwa (yenye uzito zaidi katika namba) kwanza, na zile za MIPS za MediaTek huweka baiti ndogo kwanza. Zote ni MIPS, zote zinaendesha OpenWrt, mfumo endeshi wa ruta. Anayesoma faili au pakiti ya mtandao kwa kunakili baiti nne moja kwa moja ndani ya `uint32_t` atapata 1 huku na 16,777,216 kule. Mimi huandika hivi:

`(uint32_t)b[0] << 24 | (uint32_t)b[1] << 16 | (uint32_t)b[2] << 8 | b[3]`

Msimbo huu hauulizi mpangilio wa mashine. Unataja mpangilio wa data tu, na kompaila za GCC na Clang za sasa huutambua na kuufupisha. SQLite, programu ya hifadhidata, huhifadhi namba za faili lake baiti kubwa kwanza kwenye kila mashine, na ndiyo maana hifadhidata yake unaweza kuinakili kutoka simu hadi seva. Kusoma baiti moja moja kunaondoa pia tatizo la anwani zisizogawanyika kwa nne, ambazo Intel huzivumilia lakini vichakataji vya SPARC huiua programu kwa ishara ya kosa ya `SIGBUS`.

Yanayobaki ndiyo ya kuulizwa, na hapo Autoconf, zana ya kuandaa programu kabla ya kukompailiwa, iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, bado ina mantiki nzuri: hati yake ya `./configure` hujaribu kukompaili vijiprogramu vidogo, kisha huandika majibu ndani ya `config.h`. Ugumu huanza unapokompaili kwenye kompyuta moja kwa ajili ya nyingine, maana vijiprogramu hivyo vinakompailika lakini haviwezi kuendeshwa. Ukubwa wa aina hupatikana bila kuendesha chochote, kwa kutangaza safu kama `char a[sizeof(long) == 4 ? 1 : -1];` na kuona kama kompaila itaikataa. Maswali mengine hayana ujanja huo. `configure` ikishindwa kujua kama `malloc(0)`, yaani kuomba kumbukumbu ya baiti sifuri, hurudisha kielekezi halali, inaweza kudhani mabaya na kuelekeza miito yote kwa `rpl_malloc`, ambayo kwenye mradi wako hakuna aliyeiandika. Hapo unaipa `configure` jibu mwenyewe: `ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes`.

Majibu yote yakae kwenye faili moja la heda, yaani linalojumuishwa na mafaili mengine ya C. Lugha ya Lua inafanya hivyo kwa `luaconf.h`, ambamo kuwasha `LUA_32BITS` kunageuza namba zake kuwa za biti 32 kwa ajili ya vifaa vidogo. Katika heda hiyohiyo mimi huongeza `_Static_assert` kwa kila dhana niliyoshindwa kuikwepa, ili mashine isiyofaa ikatae wakati wa kukompaili. Na kwa kuwa seva ya IBM ya s390x sina, majaribio ya baiti kubwa kwanza nayaendesha kwenye kompyuta yangu ya mkononi kwa `qemu-s390x`, programu inayoiga kichakataji hicho. Ni ya polepole, lakini kosa la mpangilio wa baiti hujitokeza humo vilevile.