Maziwa Hayafiki Mapafuni

Ukipita Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali jijini Nairobi, mchana, nyundo ndizo zinazokupokea kabla hujaona masanduku ya shule na majiko. Tazama vizuri pembeni ya fundi anayechomelea: hukosi pakiti ya maziwa. Siyo kwa ajili ya chai.

"Maziwa yanaosha kifua." Imani hii wanayo wachomeleaji, wapaka rangi, hata wabeba saruji, na ukiipinga unaonekana hujawahi kushika kazi ya mikono. Lakini maziwa yanaelekea tumboni, na moshi unaelekea mapafuni. Njia hizo mbili zinaachana kooni, na siku maziwa yakikosea njia huwa unapaliwa, unakohoa hadi machozi yakutoke. Moshi ulioshuka hadi kwenye vifuko vya hewa hauguswi hata ukinywa debe zima. Sisemi uache kuyanywa, maana ni chakula kizuri. Ila tajiri anayekununulia nusu lita badala ya barakoa ya kufaa amekununulia chakula, basi. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Sigara iko kundi hilohilo.

Na hapo ndipo wengi hujibu, "Mimi sivuti sigara." Heri yako, kwa kuwa sigara ndiyo inayoongoza kwa kuleta saratani ya mapafu. Lakini haiko peke yake: kuna asbesto (nyuzi za madini zilizotiwa kwenye mabati ya zamani ya kuezekea), vumbi la silika linalotoka kwenye mawe na zege, na tangu 2012 moshi wa injini za dizeli umo kwenye orodha. Makanika anayewasha injini ya matatu ndani ya gereji iliyofungwa anavuta, hata kama hajawahi kununua sigara. Anayevuta vyote viwili ndiye mwenye shida kubwa zaidi. Utafiti uliotolewa 1979 kuhusu wafanyakazi wa asbesto huko Marekani ulionyesha kwamba asbesto peke yake iliongeza hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kama mara 5, sigara peke yake kama mara 11, na zote pamoja zaidi ya mara 50. Jumlisha mwenyewe uone kama hesabu hiyo ni ya kujumlisha.

Wa mjengo nao wana yao: "Vumbi ni mchanga tu, tumezaliwa ndani yake." Vumbi la barabarani unaloliona likitua kwenye viatu ni chembe kubwa, na nyingi hunaswa puani. Grainda inapokata jiwe, vigae au zege, hutoa pia chembe za silika ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zinazoshuka hadi chini kabisa ya mapafu na kukaa huko. Huchoma na kuacha makovu, na baada ya miaka zinaweza kuleta saratani. Dawa yake ya kwanza ni ya bei rahisi ajabu: maji. Lowesha unapokata, na usifagie sakafu ikiwa kavu. Leso mdomoni haisaidii. Barakoa nyepesi iliyobaki tangu korona nayo haikazi usoni, hewa inapita pembeni. Inayotakiwa ni ya kuchuja chembe, inayobana vizuri, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri akupe bila kukukata mshahara. Fundi wa jua kali aliyejiajiri hana wa kumdai, na hilo ni pengo ambalo sheria haijaliziba.

Asbesto? "Si ilipigwa marufuku?" Ndiyo, hapa Kenya, 2006. Mapaa ya asbesto hayakusikia tangazo. Bado yako juu ya nyumba na shule za zamani, na yakiwa mazima hayana haraka ya kukudhuru. Hatari huanza unapoyatoboa, kuyakata kwa msumeno au kuyatupa chini yavunjike. Kuyang'oa ni kazi ya waliopewa leseni na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, si ya vijana wa kibarua cha siku moja.

Dhana ya mwisho ndiyo inayoniuma: "Ningekuwa nayo, ningeshajua." Saratani ya mapafu huchukua miaka 10, 20, hata 40 tangu siku ulipovuta vumbi. Na hapa kwetu kikohozi kirefu hutajwa kifua kikuu kabla ya chochote, jambo lenye mantiki, kwani silika huongeza hatari ya kifua kikuu pia. Tatizo ni mgonjwa ambaye vipimo vya makohozi vimetoka safi, ametumia dawa, na bado anakonda na kukohoa damu. Huyo anahitaji uchunguzi zaidi, na daktari akimuuliza kazi, asijibu "biashara" kwa sababu siku hizi anauza mitumba Gikomba. Aseme alikata mawe, kwa miaka mingapi, hata kama aliweka grainda chini mwaka 1998.