Nani Anatawala Mombasa? Mwanzo wa Sayansi ya Siasa kwa Wanafunzi wa Chuo

Wengi wanaojiandikisha kusoma sayansi ya siasa hapa Mombasa hudhani tutazungumzia wagombea, vyama na mikutano ya uwanja wa Tononoka. Hayo yatakuja. Lakini somo huanzia kwenye swali gumu zaidi: nani ana uwezo wa kuamua, na kwa nini wengine wamtii?

Tofauti ya kwanza ya kushika ni ya dola na serikali. Mkataba wa Montevideo wa 1933 uliitaja dola kwa sifa nne: wakazi wa kudumu, eneo lenye mipaka, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Serikali basi ni kiungo kimoja tu. Mwaka 2002, 2013 na 2022 Ikulu ilipata mwenyeji mpya, lakini madeni na mikataba ya Kenya haikuondoka na aliyetoka.

Mamlaka kuu, yaani haki ya kuwa mwenye kauli ya mwisho juu ya nchi, ni dhana inayowasumbua wanafunzi kwingineko. Sisi wa Pwani tuna mfano wake nyumbani. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuusimamia mwambao wa maili kumi kwa niaba yake. Bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, mwambao ulibaki himaya, yaani eneo lililo chini ya ulinzi wa Uingereza bila kuwa mali yake. Bendera nyekundu ya Sultani ikawa inapepea kwenye ngome ya Fort Jesus huku amri zikitoka kwa gavana Mwingereza. Mwenye nchi kwa sheria alikuwa mmoja, mtawala kwa vitendo mwingine. Uhuru ulipokaribia, wapo waliotaka mwambao ujitawale peke yake. James Robertson, aliyetumwa kuchunguza suala hilo mwaka 1961, akapendekeza uunganishwe na Kenya, na makubaliano ya Oktoba 1963 yakalimaliza kisheria. Mahakama za Kadhi zilihakikishiwa nafasi yake humo, na leo zimo katika Ibara ya 170 ya Katiba. Nimesema kisheria kwa makusudi: kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" ilisikika nusu karne baadaye, na ukiipenda au usiipende, ni hoja kuhusu uhalali.

Uhalali ndio unaotenganisha mamlaka na nguvu tupu. Mwanasosiolojia Mjerumani Max Weber, katika mhadhara wake wa 1919, alisema dola ni jumuiya inayodai kuwa yenyewe tu ndiyo yenye haki ya kutumia nguvu ndani ya eneo lake. Neno zito hapo ni haki. Aliona watu hukubali kutawaliwa kwa sababu ya mila, haiba ya kiongozi, au sheria. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakawa na mizinga na kuta nene. Hata hivyo mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtawala waliyemlea na kumbatiza wao wenyewe, aliwageuka na kuiteka ngome. Walirudi, lakini mwaka 1698 Waomani wakaitwaa. Nguvu tupu haikutosha.

Siku hizi utata uko kwenye ugatuzi, yaani kugawana madaraka kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, Mombasa ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Gavana tunamchagua, kamishna wa kaunti anateuliwa na serikali ya kitaifa. Polisi hawako chini ya gavana, hivyo anayemlaumu kwa kituo cha polisi kilichozembea amegonga mlango usio wake. Taka za mtaani, hizo mdai yeye.

Msome Jedwali la Nne la Katiba kabla ya semina ya kwanza. Linataja feri na bandari miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Ilhali feri ya Likoni na bandari ya Kilindini zinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, shirika la serikali ya kitaifa. Njooni na hoja ya kutetea upande mmoja, na mjue kwamba nitawauliza maswali ya upande wa pili.