Kibali Kwanza, Dodoso Baadaye: Kwa Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza Anayetaka Kufanya Utafiti

Kila likizo ndefu inapokaribia, dawati letu la uratibu wa utafiti hupokea barua za aina mbili. Za kwanza zinauliza nafasi za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza hutangazwa wapi. Za pili ni malalamiko, na safari hii yamezidi: mwanafunzi amekwisha kukusanya data, ametumia muda wake na nauli yake, kisha kamati ya maadili imemwambia data hiyo haitumiki. Nitajibu zote mbili, ingawa nakiri kwamba hizo za pili ndizo zilizonikalisha niandike.

Nafasi nyingi hazitangazwi kabisa. Mhadhiri mwenye mradi huhitaji mtu wa kusafisha data, kunakili mahojiano au kuandaa sampuli, na humchukua mwanafunzi aliyekwisha kumfuata. Kwa hiyo mfuate. Soma kwanza makala yake moja au mbili za karibuni, kisha mwandikie aya tatu fupi: umesoma nini, swali gani limekubakia, na una saa ngapi kwa wiki. Barua inayosema "naomba nafasi yoyote ya utafiti", iliyotumwa kwa wahadhiri ishirini kwa mpigo, hujulikana mara moja. Wahadhiri huonyeshana.

Programu rasmi pia zipo. Taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani, NSF, hugharamia nafasi za likizo ambapo mwanafunzi hulipwa posho na kukaa wiki kama kumi hivi na watafiti. Soma masharti kabla ya kujaza fomu: fedha hizo ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo, na kila mwaka wapo wanaoomba bila kuliona sharti hilo lililoandikwa waziwazi. CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva, ina programu ya wanafunzi wa likizo inayopokea pia waombaji kutoka nchi zisizo wanachama, lakini inataka uwe umemaliza angalau miaka mitatu ya masomo.

Bado tunasikia kwamba utafiti ni wa wenye shahada za juu. MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ilifungua mpango wake wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 1969, chini ya Margaret MacVicar, kwa wazo la Edwin Land, yule mvumbuzi wa kamera ya Polaroid. Mwaka 2023 Luke Farritor, akiwa bado anasoma shahada ya kwanza Nebraska, Marekani, alitumia programu ya kompyuta kulisoma neno zima ndani ya gombo la Herculaneum, mji wa kale wa Kirumi, lililogeuka mkaa mlima wa volkano wa Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, bila ya kulikunjua. Neno lilikuwa la Kigiriki, lenye maana ya rangi ya zambarau. Alianzia kwenye alama ambazo mtu mwingine alikwisha kuzigundua, na alitumia skani zilizowekwa wazi kwa umma. Hakumhoji mtu. Hapo ndipo tofauti ilipo na wengi wanaoleta malalamiko kwetu.

Ukigusa watu, yaani kuwahoji, kuwapima, kuwapiga picha, kusoma mafaili yao ya hospitali au kuchota mazungumzo yao kwenye kundi la simu, unahitaji kibali cha kamati ya maadili. Si urasimu uliobuniwa ili kumchelewesha mtu kuhitimu. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee nchini Marekani, watafiti wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 waliokuwa na kaswende bila kuwaeleza ukweli wa ugonjwa wao, na waliendelea kuwanyima penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida. Habari ilipofichuka, sheria ilitungwa mwaka 1974, na mwaka 1979 ikatoka Ripoti ya Belmont iliyoweka misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtakia mema, na haki katika kugawa mzigo na faida. Fomu unayoiona ndefu inatoka huko.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Andiko la utafiti, yaani mpango wa utafiti unaokusudia kuufanya, husainiwa na msimamizi kabla ya kutufikia. Lisilo na saini halisomwi, linarudi. Huambatanishwa na dodoso au mwongozo wa mahojiano katika lugha atakayoisikia mshiriki, fomu ya ridhaa, na maelezo ya mahali data itakapohifadhiwa na siku itakapofutwa. Tukishapokea, andiko hupangiwa njia moja kati ya tatu. Lisilo na hatari, kama la data iliyokwisha kuwa wazi, hupewa barua ya kusamehewa ukaguzi wa kamati. Lenye hatari ndogo husomwa na wajumbe wawili. Linalohusu watoto, wafungwa, wagonjwa au mambo yanayoweza kumfedhehesha mtu huenda kikao kizima, na kikao hukaa mara moja kwa mwezi. Ukileta siku moja baada ya tarehe ya mwisho, utasubiri mwezi unaofuata. Kupiga simu kila asubuhi hakusogezi kikao.

Kibali hakirudi nyuma. Nalirudia kwa sababu ndilo linalobishaniwa kuliko yote: data iliyokusanywa kabla ya tarehe ya kibali haihalalishwi na kibali kilichokuja baadaye, hata kama washiriki wote walikubali na hata kama msimamizi alijua. Kosa la kwanza la namna hiyo, data hufutwa na mwanafunzi huanza upya. Likijirudia, mwanafunzi na msimamizi wote huitwa. Kubuni data, kuipindisha au kuiba maandishi ya mwingine ni shauri la nidhamu, na adhabu huanzia kusimamishwa muhula mmoja hadi kufukuzwa. Likigundulika baada ya mahafali, shahada yaweza kufutwa. Walioletwa kwa kujaza wenyewe madodoso usiku mmoja walidhani hatutaona. Majibu ya mkono mmoja yana mpangilio wake, nasi tumeyaona mengi.

Jipya la siku hizi ni mahojiano kubandikwa kwenye programu za akili bandia ili yafupishwe. Ulimwahidi mshiriki usiri. Kama andiko lako halikuitaja programu hiyo, umevunja ahadi.

Kuhusu jina lako kuwekwa kwenye makala, malalamiko mengine yana haki na mengine hayana. Mwongozo wa wahariri wa majarida ya tiba, unaofuatwa mno, unataka mambo manne kwa pamoja: mchango wa maana katika wazo au data, kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi. Aliyegawa madodoso tu hutajwa kwenye shukrani. Lakini mwongozo huohuo unasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yale mengine, kwa hiyo mhadhiri anayekuficha rasimu kisha akasema hukuandika, anakosea. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa barua pepe. Ofisi haiwezi kupima mazungumzo ya korido.

Fomu ya ridhaa ndiyo tunayoirudisha zaidi. Karibu zote huandika kwamba mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote, sentensi ambayo mwanafunzi ameinakili kutoka kwa mwenzake, ila hazisemi ajitoe vipi, wala maneno aliyokwisha kuyasema yatafanywa nini. Nyingine zina namba ya simu ya mwanafunzi peke yake. Weka na ya msimamizi, na ya kamati. Ukishahitimu na laini umebadilisha, mshiriki atampigia nani?