Kozi kati ya vituo viwili: yanayosemwa na yalivyo

"Kozi ya jeshi, fedha haikosi." Neno hili nalisikia sana barazani Chake Chake, na ndilo linalowaumiza askari zaidi. Fedha ya mafunzo ina kasma yake, yaani fungu lake katika bajeti, na ya uhamisho ina yake, na mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 mpaka Juni 30. Jina ambalo halikuingizwa wakati bajeti inaandaliwa, likija kuzuka Novemba, huyo atakwenda kozi kwa kumnyima mwengine.

Mwaka mmoja, bandarini Mkoani, nilimkuta askari kijana na mkewe, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, sufuria zimo ndani ya beseni. Mkononi ana barua mbili: moja ya kuhamia Unguja, ya pili, iliyotoka siku chache baadaye, inamtaka kozini. Aripoti kwanza, ashushe mizigo, kisha aondoke tena. Nauli mara mbili, posho ya kujikimu mara mbili, na mke kaachwa mtaa asioujua. Lau walioandika barua zile wangekaa meza moja, angepitia kozini na kufika kituo kipya na ujuzi wake tayari.

Wapo wanaodhani askari wote wa Zanzibar wanakula chungu kimoja. Sivyo. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo bajeti ya JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, inapitishwa na Bunge, Dodoma. KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Kikosi cha Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo (ndio magereza ya Zanzibar) ni idara maalum za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar; bajeti zao zinakwenda Baraza la Wawakilishi, Chukwani.

"Aliye kozini yuko mapumzikoni." Hili linaniudhi kweli. Mshahara unaendelea, zamu yake haina mtu, na wenzake ndio wanaoibeba. Jeshi la nchi kavu la Marekani huwaweka wanafunzi na walio njiani katika hesabu ya peke yao, nje ya idadi ya vikosi, ili pengo lionekane. Na huko kozi ya wiki 20 au zaidi mahali pamoja huhesabiwa uhamisho. Fupi ya hapo ni safari ya kikazi. Kwa mpaka kama huo mhasibu anajua mapema kama anaombea nauli ya mtu mmoja au ya nyumba nzima.

Na watoto wana kalenda yao: skuli hufungua Januari. Yule mke wa bandarini aliniuliza, wakifika, alifungue godoro au aliache na kamba yake. Sikuwa na la kumjibu.