Difenda Kupita Mara Nyingi Hakupunguzi Wizi kwa Lazima

Wakazi wengi wa Moshi, kuanzia Majengo hadi Pasua, wamekuwa wakiamini kwa miaka mingi kwamba difenda ya polisi ikizunguka mitaani mara nyingi zaidi usiku, wizi hupungua kwa kiasi hichohicho. Imani hiyo inaeleweka, kwani taa za gari zikimulika ukuta wa chumba saa nane usiku, aliyelala hujisikia salama.

Hata hivyo, katika jaribio lililofanywa mjini Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973, maeneo 15 yaligawanywa matano matano: ya kwanza yaliondolewa doria ya kawaida ya magari, ya pili yakaachwa yalivyo, na ya tatu yakaongezewa doria hadi mara mbili au tatu ya kawaida, lakini haikuonekana tofauti ya maana katika uhalifu wala katika hofu ya wananchi. Tafiti za baadaye zinaonyesha kwamba husaidia zaidi doria ikielekezwa kwenye sehemu chache ambako matukio hujirudia. Tena askari wawili wanaotembea kwa miguu, mmoja akizungumza na mtu huku mwenzake akisimama pembeni na kuangalia mikono ya mtu huyo, huona mengi ambayo aliye ndani ya gari huyapita.

Msomaji anaweza kupima mwenyewe kwa kuandika daftarini, kwa mwezi mmoja, saa ambazo gari hupita, kisha kuzilinganisha na saa na mahali pa matukio yanayotajwa kwenye mkutano wa mtaa. Mwezi ni mfupi mno kuthibitisha lolote kuhusu wizi, lakini unatosha kuonyesha kama gari hupita saa ileile kila siku, jambo ambalo mwizi naye huliona.