Je, wajua kwa nini mwanga una kelele ambayo hakuna chombo kinachoifuta?

Rasharasha ikianza jioni pale Kondele, Kisumu, aliye chini ya mabati husikia tone mojamoja: ta, ta, kimya, ta. Mvua ikizidi, unasikia mvumo tu, ingawa matone bado ni yaleyale na hayaji kwa zamu. Mwanga nao hufika kwa chembe, fotoni, kila moja kwa wakati wake. Leza nyekundu ya miliwati 1 humwaga zaidi ya fotoni trilioni 3,000 kila sekunde.

Kwa hiyo idadi yake huyumba, na kuyumba huko ndiko kelele: kiasi chake ni kipeuo cha pili cha idadi. Wastani ukiwa fotoni 100, hesabu hupanda na kushuka kwa 10 hivi, yaani asilimia 10. Zikiwa 1,000,000, ni 1,000, asilimia 0.1 tu. Kwa hiyo ukiongeza mwanga mara 100, kipimo husafika mara 10 pekee. Walter Schottky alieleza kelele ya namna hii katika mkondo wa umeme mwaka 1918.

Kelele hiyo ya fotoni ndiyo mpaka wa kipimo chochote cha mwanga wa kawaida. Kazi ngumu ni kujua kama umeufikia mpaka huo, na hapa wengi hudanganyika. Mkondo wa fotodayodi, kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme, ukipita kwenye rezista, rezista nayo ina kelele yake ya joto. Pima volti tulivu (DC) juu yake: zikiwa chini ya milivolti 50 hivi, unachopima zaidi ni rezista. Miliampea 1 kwenye omu 50 iko mpakani kabisa. Weka omu 1,000 upate volti 1, na nguvu ya kelele ya fotoni itaishinda ile ya joto mara 20. Lakini fotodayodi lazima iunganishwe kinyume na betri ya volti 9, la sivyo itashiba kabla ya kufika hapo. Umeme wa ukutani uache, maana huingiza hezi 50 na 100. Zima na taa za chumba.

Kisha ongeza mwanga maradufu kwa kuondoa kioo cheusi kilichokuwa kikizuia nusu yake. Mkondo wa leza usiuguse, kwa sababu tabia yake itabadilika. Nguvu ya kelele ikizidi mara mbili, hizo ni fotoni. Ikizidi mara nne, leza ndiyo inayocheza. Isipobadilika, ni vifaa vyako.

Leza ikicheza, gawanya mwanga nusu kwa nusu kwenye fotodayodi mbili, kisha toa mkondo mmoja kutoka kwa mwingine. Kelele ya leza hufutika kwa kuwa inafanana pande zote. Ya fotoni hubaki: kila moja ilishika njia yake bila kufuata mwenzake.

Kuushinda mpaka huu kunahitaji mwanga uliobanwa, ambao kelele yake hupunguzwa katika sifa moja ya wimbi na kuongezeka katika nyingine. LIGO, mradi wa utafiti wa Marekani, huutumia tangu 2019 kunasa mawimbi ya mvutano. Adui wa mwanga huo ni upotevu: nusu ya fotoni ikipotea ovyo njiani, kelele haishuki chini ya nusu ya ile ya kawaida, hata ungeubana vipi mwanzoni. Ndiyo maana lenzi yenye alama ya kidole haikubaliki kwenye kazi hii.