Megapikseli haziokoi picha ya jua la mchana

Ukiingia duka la kamera Mombasa, cha kwanza kutajiwa ni megapikseli. Wigo wa mwanga, yaani umbali kati ya kiza na mng'ao ambao kamera hunasa kwa mpigo mmoja, hutasikia ukitajwa. Na kwa jua letu la Pwani, huo ndio unaoamua picha itoke au iharibike.

Dhana: Megapikseli nyingi ndizo picha safi

Megapikseli ni hesabu ya vitone vya picha, kwa mamilioni, basi. Kuchapisha ukurasa wa A4 kwa vitone 300 kwa inchi hakufiki hata megapikseli 9.

Sasa msimamishe bwana harusi mwenye kanzu nyeupe kando ya mama yake mwenye buibui jeusi, nje ya Fort Jesus, saa saba mchana. Kanzu inarudisha mwanga mkali, buibui linaumeza. Kamera ya wigo finyu itakulazimisha uchague: tarizi ya shingoni ipotelee kwenye weupe, au buibui liwe doa lisilo mikunjo. Weupe ulioungua, hata ukiugawa kwa vitone milioni 50, ni weupe ule ule.

Wigo hupimwa kwa stopu, na kila stopu ni mwanga maradufu. Kwa hiyo kamera ya stopu 14 haiizidi ya 11 kidogo: tofauti ya mng'ao na kiza inayoibeba ni kubwa mara nane.

Dhana: Basi megapikseli zikizidi, wigo hufa

Si lazima. Ni kweli kitone kidogo hujaa mwanga upesi, lakini ukubwa wa sensa nzima, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na utulivu wa umeme wake vina uzito zaidi. Nikon D850 ya 2017 ina megapikseli 45.7, na wigo wake kwenye ISO 64 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ni mpana sana.

Dhana: HDR ya simu inatosha

Kwa mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, mara nyingi yatosha. Kwa HDR, simu hupiga picha kadhaa upesi na kuziunganisha ili kupanua wigo. Ila watu wakishuka mbio kutoka feri ya Likoni, huenda ukapata mtu mwenye kivuli cha mkono wa pili.

Dhana: Kamera ya wigo mpana husamehe kila kosa

Kilichoungua hakirudi. Mimi hupima mwanga kwenye kanzu, hata uso ukitoka mweusi kidogo, kisha naviinua vivuli kwenye kompyuta. Kwa hilo piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata: ya biti 14 ina viwango 16,384 vya mwanga, JPEG, ile faili ya picha ya kawaida, ina 256 kwa kila rangi, na ukiivuta sana hujaa chengachenga na michirizi. ISO nayo iache chini, 64 au 100, maana kila ukiipandisha wigo unapungua, na mchana wa Mombasa haukosi mwanga.